Laki (100,000): Jina, Hesabu na Utata wa "Elfu"

laki nm [i-/zi-, pia ma-] 1. idadi ya elfu mia moja. 100,000: shilingi laki tatu. 2. (katika wingi, malaki) idadi kubwa isiyotajwa kwa hakika: malaki ya watu.

Laki ni namba nzima iliyo sawa na kipeo cha tano cha kumi. Katika mazungumzo ya kila siku ya Afrika Mashariki, hasa ya fedha, ni jina la kawaida kama mia na elfu. Hata hivyo, lina nafasi ya pekee miongoni mwa majina ya namba. Alama ya mkato inayotenganisha tarakimu huwekwa penye elfu na penye milioni, nayo laki imekaa katikati, mahali pasipo na alama yoyote. Jicho likiona 225,000 husoma "225, elfu", ilhali sikio hutarajia "laki mbili na...". Makala hii inaeleza asili ya jina hilo, sifa za kihisabati za namba yenyewe, na jinsi laki inavyoweza kupunguza utata ambao neno "elfu" huuleta katika uandishi wa idadi kubwa.

Mifano mingi imechukuliwa magharibi mwa Tanzania, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, na kwenye reli iliyokuja baadaye. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kati ya miji hiyo miwili ipo Usinge, katika Wilaya ya Kaliua ya leo. Ukanda huu unaifaa mada yetu kwa sababu mbili. Hapo kale bidhaa zake zilihesabiwa kwa vipimo vilivyotoka India, Uarabuni, pwani na Ulaya kwa pamoja. Leo ni ukanda wa kilimo cha tumbaku, ambako malipo ya msimu huandikwa kwa malaki na mamilioni ya shilingi, na kosa la neno moja lina bei.

1. Asili ya jina

Majina ya namba kubwa katika Kiswahili yametoka pande tatu. Mia na elfu ni ya Kiarabu. Milioni, bilioni na trilioni ni ya Ulaya. Laki ni ya India. Chanzo chake cha mbali ni Kisanskriti, nalo lilisafiri na biashara ya Bahari ya Hindi hadi pwani yetu. Kiswahili kilikuwa pia na neno "kikwi" kwa maana ya elfu, ambalo siku hizi hukutwa zaidi katika kamusi na katika lugha ya ushairi.

Mchanganyiko huu ndio unaoeleza kwa nini laki haiendi sambamba na alama ya mkato. Katika maandishi ya India namba hiyo huandikwa 1,00,000, na mkato wa kwanza kutoka kushoto huangukia penye laki yenyewe. Afrika Mashariki ilirithi jina kutoka India na desturi ya kukata tarakimu tatu tatu kutoka Ulaya. Kwa hiyo jina lina mpangilio wake, na maandishi ya tarakimu yana mpangilio mwingine. Mfasiri anayefanya kazi kati ya Kiswahili na lugha za Ulaya hulazimika kuvuka mpaka huo kila mara: panapoandikwa "laki tatu" yeye huweka mia tatu za elfu, na kosa la sifuri moja huwa karibu.

2. Sifa za namba yenyewe

Ukiivunja laki katika namba tasa unapata mbili na tano tu, kila moja ikiwa mara tano:

100,000 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 5 × 5 × 5 × 5

Kwa maneno mengine, ni 32 mara 3,125. Sifa zifuatazo zinatokana na mjengo huo.

Kwanza, laki ina vigawo 36, yaani namba 36 zinazoigawanya bila baki, kuanzia 1 hadi 100,000 yenyewe. Jumla ya vigawo vyote ni 246,078. Ukiiondoa laki yenyewe unabaki na 146,078; hivyo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa huizidi.

Pili, laki haigawanyiki kwa 3, wala 7, wala namba yoyote iliyo na kigawo tasa tofauti na 2 na 5. Mtu akitaka kuigawa kwa watu watatu, kwa wiki saba au kwa dazeni, lazima pabaki kitu. Hata namba iliyoundwa kwa mbili tupu inaweza kushindwa: 32 huigawanya laki, lakini 64 haiigawanyi, kwa sababu 64 inahitaji mbili sita na laki inazo tano tu.

Tatu, laki si mraba kamili, yaani hakuna namba nzima ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta 100,000. Lakini ni jumla ya miraba miwili kwa njia tatu: 12 × 12 na 316 × 316, 100 × 100 na 300 × 300, tena 180 × 180 na 260 × 260. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi njia ya kati, iliyo rahisi, kisha akawaachia wazitafute mbili zilizobaki.

Nne, kutoka 1 hadi laki kuna namba tasa 9,592. Iliyo karibu zaidi kwa chini ni 99,991, na kwa juu ni 100,003.

Tano, laki mara laki ni bilioni kumi, na laki mara elfu kumi ni bilioni moja. Uhusiano huu wa pili unafaa kukumbukwa na anayesoma bajeti: bilioni moja ni laki elfu kumi.

3. Laki na vipimo vya misafara

Vigawo vya laki huonekana vizuri zaidi vikipimwa na hesabu za njia ya Tabora. Richard Burton, aliyefika Kaze, jirani na Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwa kirefu juu ya vipimo vya wafanyabiashara wa bara. Baadhi ya vipimo hivyo bado vimo katika kamusi zetu: doti, shuka, korja, frasila, kete na fundo la shanga.

Vingi vinaingia ndani ya laki bila baki. Korja ni vitu ishirini, basi laki ni korja 5,000. Fundo la shanga lilihesabiwa kuwa kete kumi, basi kete laki moja ni mafundo 10,000. Shuka ni mikono minne na doti ni shuka mbili, yaani mikono minane. Kitambaa cha mikono laki moja ni doti 12,500 kamili. Ishirini, kumi, nne na nane zote zimejengwa kwa mbili na tano, ndiyo maana zinakubali.

Frasila haikubali. Kipimo hicho cha pembe za ndovu na bidhaa nyingine nzito kilikuwa takriban pauni 35, na 35 ni 5 mara 7. Ile saba ndiyo inayokataa: pauni laki moja ni frasila 2,857 na pauni 5 za baki.

Mfano mzuri zaidi ni wa sarafu, kwa sababu ndani yake mna historia ya maneno mawili tunayoyatumia kila siku. Rupia iliyotumika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa kwanza katika pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliacha mgawanyo huo, na rupia ikawa na sehemu 100 zilizoitwa kwa Kijerumani Heller. Kiswahili kikalifanya neno hilo "hela". Leo pesa na hela ni visawe, lakini mbele ya laki vilikuwa na tabia mbili. Pesa laki moja zilikuwa rupia 1,562 na pesa 32, yaani nusu rupia, kwa sababu ya ile mbili ya sita iliyokosekana. Hela laki moja zilikuwa rupia 1,000 kamili.

4. Utata wa "elfu"

Sasa tugeukie maandishi. Chukua mfano wa kubuni: katibu wa chama cha msingi cha ushirika huko Usinge anaandika katika muhtasari wa kikao kwamba mkulima alipwe "shilingi elfu mia mbili ishirini na tano". Kisarufi, maneno hayo yanakubali masomo matatu:

(a) elfu [mia mbili ishirini na tano] = 225,000
(b) elfu [mia mbili ishirini] na tano = 220,005
(c) elfu [mia mbili], ishirini na tano = 200,025

Msomaji wa kawaida atachagua (a), kwa kuwa malipo huwa ya maelfu kamili. Lakini uchaguzi huo umetokana na mazoea yake, wala haukulazimishwa na sentensi. Katika usemi, pumziko dogo la sauti hutenganisha masomo hayo. Katika maandishi pumziko hilo hupotea.

Chanzo cha utata ni kwamba Kiswahili hutaja namba kwa kuzidisha na kujumlisha kwa wakati mmoja, na kizidishi cha "elfu" hukaa baada yake. Neno "elfu" hufungua mlango wa kuzidisha, lakini hakuna neno linaloufunga. Msomaji haambiwi ni wapi kizidishi kinakoma na ni wapi nyongeza inaanza.

Ukubwa wa tatizo unaweza kuhesabiwa. Kati ya elfu moja na milioni moja kuna maelfu kamili 999: 1,000, 2,000, 3,000 na kuendelea hadi 999,000. Yote yakiandikwa kwa mtindo wa "elfu" kwanza, yanagawanyika hivi:

- Yenye kizidishi cha sehemu moja, kama "elfu tano", "elfu ishirini" na "elfu mia mbili": ni 27. Haya hayana utata.
- Yenye kizidishi cha sehemu mbili, kama "elfu ishirini na tano" au "elfu mia mbili na tano": ni 243. Kila moja lina masomo mawili.
- Yenye kizidishi cha sehemu tatu, kama mfano wa Usinge: ni 729. Kila moja lina masomo matatu.

Kwa hiyo katika maneno 999, ni 27 tu yanayojitosheleza bila msaada wa muktadha. Hesabu hii hutoka sawasawa kwa sababu Kiswahili kina utaratibu safi wa kumi kumi: kumi na moja hujengwa kama ishirini na moja, pasipo majina ya pekee ya kuvuruga mpango.

5. Kinachoufichua mpaka

Kuna mambo mawili ndani ya lugha yenyewe yanayoonyesha mpaka kati ya kizidishi na nyongeza.

La kwanza ni mpangilio wa ukubwa. Sehemu za namba hutajwa kwa kushuka: mamia, makumi, mamoja. Mfuatano ulio baada ya "elfu" ukishuka mwanzo hadi mwisho, mpaka haujulikani. Ukishuka kisha ukapanda, pale unapopanda ndipo mpaka ulipo. "Elfu kumi na sita mia moja tisini na nane" haina utata: baada ya sita inakuja mia moja, iliyo kubwa kuliko sita, kwa hiyo kizidishi kilikwisha penye sita, nayo namba ni 16,198. Hii ndiyo sababu miaka kama 1912 husomwa bila shida: moja ikifuatwa na mia tisa, mpaka unaonekana.

La pili ni upatanisho wa kisarufi. Tarakimu ya mwisho inayojumlishwa hupatana na nomino inayohesabiwa. Kizidishi cha "elfu" hakipatani nayo. Linganisha:

wapagazi elfu kumi na mbili = 12,000
wapagazi elfu kumi na wawili = 10,002
mitumba elfu ishirini na tano = 25,000
mitumba elfu ishirini na mitano = 20,005

Kiambishi kimoja kimetenganisha idadi mbili zilizo mbali kabisa. Mfasiri anayesoma habari za misafara hana budi kukitazama kwa makini, na mwandishi anayekiacha kwa uzembe huondoa alama pekee iliyokuwapo.

Msaada huo, hata hivyo, una mipaka. Sita, saba na tisa, ambazo asili yake ni Kiarabu, hazichukui kiambishi. "Wapagazi elfu kumi na sita" hubaki na masomo mawili. Tena, katika ngeli ya i-/zi- umbo la kuhesabia na umbo la kupatana kwa wingi ni moja: shilingi mbili, shilingi tano. Nayo ngeli hiyo ndiyo yenye shilingi, hela, pesa, rupia, kilo, tani na ekari. Kwa maneno mengine, sarufi hutulinda tunapohesabu watu na mizigo, na hunyamaza tunapohesabu fedha na vipimo, mahali ambapo ulinzi ulihitajika zaidi.

6. Kwa nini ukaguzi wa tarakimu hauligundui kosa

Mtu anaweza kudhani kwamba kosa la namna hii litagunduliwa na mhasibu. Si lazima. Tuseme sehemu ya kwanza ya kizidishi ni a na sehemu inayogombaniwa ni b. Somo la kwanza ni elfu mara (a + b). Somo la pili ni elfu mara a, kisha b. Tofauti yake ni 1,000b kutoa b, yaani 999b.

Jaribu kwa mfano wa Usinge. Tofauti ya 225,000 na 220,005 ni 4,995, ambayo ni 999 × 5. Tofauti ya 225,000 na 200,025 ni 24,975, ambayo ni 999 × 25. Sheria haikosi.

Sasa, 999 ni 27 × 37, basi inagawanyika kwa 9. Njia ya zamani ya kukagua hesabu kwa kujumlisha tarakimu hutegemea baki ya kugawanya kwa 9, na kosa lililo kigawe cha 9 huipita bila kuonekana. Jumla ya tarakimu za 225,000 ni 9. Za 220,005 ni 9. Za 200,025 pia ni 9. Tarakimu ni zilezile, zimehama viti tu.

Lakini sifa hiyohiyo inaweza kugeuzwa kuwa chombo. Mkaguzi akikuta tofauti kati ya kumbukumbu mbili, na tofauti hiyo ikagawanyika kwa 999 bila baki, neno la kwanza la kuchunguza ni "elfu" katika hati iliyoandikwa kwa maneno.

Jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria zinazosimamia hundi nchini Tanzania na Kenya zinafuata kanuni iliyomo katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1882: maneno na tarakimu zikitofautiana, kiasi cha kulipwa ni kile kilichoandikwa kwa maneno. Tarakimu haziwezi kuyaokoa maneno yaliyo mabaya. Maneno ndiyo yanayopewa imani.

7. Laki inasaidia wapi

Laki hupunguza utata kwa sababu, ikitumiwa vizuri, kizidishi chake ni tarakimu moja tu, kuanzia moja hadi tisa. Tarakimu moja haiwezi kukatwa katikati. "Laki mbili" ikishasemwa, mamia ya maelfu yamefungwa, na yaliyobaki ni makumi na mamoja ya elfu.

"Laki mbili na elfu tano" ni 205,000 tu, ilhali "elfu mia mbili na tano" ingeweza kuwa 205,000 au 200,005. Mfano wa Usinge ukiandikwa "laki mbili na elfu ishirini na tano", masomo yanapungua kutoka matatu hadi mawili: 225,000 na 220,005. Katika maelfu kamili 999, mtindo wa laki huongeza yasiyo na utata kutoka 27 hadi 189. Ni nafuu, lakini haijawa tiba.

Tiba ni kuhamisha kizidishi cha elfu kikae mbele yake: "ishirini na tano elfu". Hapo elfu yenyewe ndiyo inayofunga mlango, kwa kuwa kila kilichokuja kabla yake kimekwisha kuzidishwa. Ukiunganisha njia hizo mbili unapata "laki mbili, ishirini na tano elfu", ambayo ni 225,000 na haina somo jingine. Laki hutangaza ukubwa wa namba tangu mwanzo, na elfu inayokuja baada ya kizidishi chake hufunga mpaka. Somo (b) litakuwa "laki mbili, ishirini elfu na tano", na somo (c) "laki mbili na ishirini na tano".

Laki nayo ina hatari mbili. Ya kwanza ni ufupisho wa mazungumzo. Sokoni "laki mbili na hamsini" humaanisha 250,000, elfu ikiwa imemezwa. Kwenye hati maneno hayo ni 200,050. Tofauti, kama ilivyotarajiwa, ni 999 × 50. Anayenukuu usemi wa shahidi au wa mfanyabiashara hana budi kuirudisha elfu iliyomezwa pale tu muktadha unapothibitisha kwamba ilikusudiwa. "Laki mbili na nusu", kinyume chake, haina tatizo: nusu ni nusu ya laki, na jumla ni 250,000.

Hatari ya pili ni kuivusha laki kupita tisa. "Laki kumi na tano" inaweza kuwa 1,500,000 au 1,000,005, na pengo sasa ni 99,999 mara 5, yaani 499,995. Laki zikifika kumi, ziite milioni.

8. Mfano wa kufanyia kazi: 242,970

Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Kijerumani ilipiga sarafu huko Tabora kwa sababu njia ya kuleta fedha kutoka Ulaya ilikuwa imefungwa. Miongoni mwake ilikuwamo sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Zilipigwa 16,198 kabla majeshi ya Wabelgiji hayajauteka mji mwezi Septemba mwaka huo. Thamani yake yote kwa rupia ni 16,198 × 15, yaani 242,970.

Namba hii ni kinyume cha laki kwa umbo. Laki imejengwa kwa namba tasa mbili zilizorudiwa mara tano tano. Hii imejengwa kwa namba tasa sita, na hakuna iliyorudiwa:

242,970 = 2 × 3 × 5 × 7 × 13 × 89

Kwa kuwa kila moja ya zile sita huweza kuwamo au kutokuwamo katika kigawo, idadi ya vigawo ni mbili iliyozidishwa mara sita, yaani 64, ingawa 64 yenyewe haimo miongoni mwa vigawo hivyo. Saba imo, basi namba hii inagawanyika kwa 35 pasipo baki, jambo ambalo laki haikuliweza. Kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili ni 10.

Kwa maneno, mtindo wa elfu kwanza unatoa "elfu mia mbili arobaini na mbili, mia tisa na sabini". Mfuatano unashuka hadi mbili kisha unapanda hadi mia tisa. Mpaka unaonekana, na hakuna utata. Mtindo wa laki unatoa "laki mbili, arobaini na mbili elfu, mia tisa na sabini", nao pia ni salama.

Sasa kadiria. Mwandishi anayetaka urahisi anaishusha namba hadi 242,000 na kuandika "rupia elfu mia mbili arobaini na mbili". Masomo matatu yanarudi mara moja: 242,000, 240,002 na 200,042. Ile "mia tisa na sabini" iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikilinda mpaka. Funzo lake ni hili: katika Kiswahili, namba iliyokadiriwa huhitaji uangalifu zaidi kuliko namba kamili.

9. Mwongozo kwa waandishi na wafasiri

1. Katika hati za fedha, mikataba na tafsiri rasmi, tanguliza kizidishi kabla ya elfu: "ishirini na tano elfu".
2. Kuanzia 100,000 hadi 999,999 tumia laki, na kizidishi chake kisizidi tisa. Kuanzia 1,000,000 tumia milioni.
3. Weka mkato baada ya laki na baada ya elfu kila sehemu nyingine inapofuata bila "na": "laki tatu, kumi na nane elfu, mia nne".
4. Usichanganye "elfu ishirini" na "ishirini elfu" katika hati moja. Msomaji akishazoea mtindo mmoja, mtindo wa pili humpoteza.
5. Tunza upatanisho wa tarakimu ya mwisho kwa nomino zisizo za ngeli ya i-/zi-: "watu laki moja na watatu".
6. Usiandike ufupisho wa sokoni kama "laki mbili na hamsini" pale unapomaanisha 250,000.
7. Andika tarakimu pamoja na maneno, kisha usome maneno peke yake, tarakimu zikiwa zimefunikwa. Yakikubali namba zaidi ya moja, yaandike upya.